Jicho Lisilouma

Mhariri wa sehemu ya Kiswahili ameniandikia mara mbili akitaka niwaletee somo la afya, nami nimekawia kumjibu, kwa kuwa somo nilijualo kuliko mengine yote lina kosa langu mwenyewe ndani yake. Safari hii nimekata shauri. Mimi ni mwanafunzi wa zamani wa shule hii, na tangu mwaka 2004 nafanya kazi ya utabibu wa macho katika sehemu za kusini ya Uganda. Wale walionifundisha Kiswahili watakumbuka kwamba sikuwa hodari. Basi mnisamehe penye makosa ya lugha, lakini katika mambo ya jicho mnisikilize.

Mwaka 2005, nilipokuwa bado mgeni kazini, alikuja kwangu mtu tuliyekaa naye bweni moja kwa miaka minne, kitanda chake juu na changu chini. Amenipa ruhusa kuyasimulia haya, ila jina lake nisilitaje. Wakati huo alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alikuwa amekonda sana, shati likimning'inia mabegani kana kwamba limeanikwa.

"Ndugu yangu," alisema, "katika jicho langu la kushoto mna nzi."

"Nzi wa namna gani?"

"Wadogo, weusi, watatu au wanne. Nikiutazama ukuta mweupe nawaona wanapita. Nikiwapungia mkono hawaondoki."

Nilicheka, naye akacheka. Nikamkalisha kwenye kiti, nikalitazama jicho. Lilikuwa jeupe safi, halina tongo wala machozi, wala halikumwuma. Nikampeleka mbele ya ubao wa herufi, akasoma kwa kila jicho mpaka mstari wa mwisho. Alinieleza pia kwamba alikuwa akikohoa, na kwamba mwaka uliopita alipata mkanda wa jeshi ubavuni. Niliyasikia hayo yote wala sikuyajumlisha. Nje watu walikuwa wamepanga foleni mpaka kwenye mwembe, na dawa ya kutanua mboni humtaka mgonjwa angoje karibu nusu saa kabla hujaweza kutazama ndani. Sikumtia dawa hiyo. Niliandika katika kadi yake kwamba macho ni mazima, nikampa kichupa cha matone ya kupoza, nikamwambia apumzike.

Alirudi baada ya majuma kumi. Jicho la kushoto lilikuwa halioni hata kidole. Mkewe alinieleza kwamba kwa muda mrefu alikuwa akiangusha vikombe vilivyowekwa upande wa kushoto, na kujigonga bega mlangoni, nao nyumbani walidhani ni udhaifu wa mwili tu.

Kabla sijaendelea, nataka kila msomaji achukue karatasi na kalamu. Chora msalaba mdogo upande wa kushoto, na kulia kwake, umbali wa sentimita 8, chora doa jeusi lenye ukubwa wa punje ya haragwe. Fumba jicho la kushoto. Kwa jicho la kulia utazame msalaba tu, usiliangalie doa. Shika karatasi mbali kadiri mkono unavyofika, kisha isogeze karibu polepole. Ikifika kama sentimita 30 kutoka usoni, doa litatoweka. Isogeze zaidi, litarudi.

Hapo lilipotoweka ndipo penye tundu la jicho lako. Nyuma kabisa ya jicho kuna utando mwembamba uitwao retina, ambao hupokea nuru kama vile filamu ya kamera ilivyokuwa ikiipokea, na habari za nuru hiyo hupita katika mshipa mnene wa fahamu kwenda kwenye ubongo. Pale mshipa unapotokea hapana retina, kwa hiyo hapaoni. Mfaransa Edme Mariotte aliligundua jambo hilo katika karne ya 17. Lakini angalieni sana: je, mlipotazama karatasi mliona shimo? Hamkuona shimo. Mliona karatasi nyeupe tupu, kwa sababu ubongo ulilifunika tundu kwa rangi ya vitu vilivyo kando yake. Mmeishi na tundu hilo tangu kuzaliwa wala hamkulijua. Tena jicho moja husaidia upungufu wa jicho la pili. Basi mtu aweza kupoteza sehemu kubwa ya retina yake pembeni, na asihisi lolote mpaka kikombe kianguke.

Rafiki yangu nilimpeleka mwenyewe kwa daktari bingwa katika hospitali kubwa. Yule daktari alimtia dawa ya kutanua mboni, akatazama ndani muda mrefu, kisha akaniachia nafasi nami nitazame. Chombo cha kutazamia ndani ya jicho hai kilitangazwa na Mjerumani Hermann von Helmholtz mwaka 1851, na kila nikishikapo changu hujiona kama mtu achunguliaye nyumba ya watu kwenye tundu la ufunguo. Retina nzima ina rangi ya chungwa lililoiva, na mishipa ya damu imetandaa juu yake kama mizizi. Katika jicho la kushoto la rafiki yangu rangi hiyo ilibaki kidogo tu. Kwingine palikuwa peupe kama maziwa ya mgando, na katikati ya weupe huo damu imetapakaa kufuata mishipa. Madaktari wa Ulaya na Marekani huifananisha hali hiyo na mkate wao wenye jibini na nyanya. Mimi naona ni kama mtu aliyemwaga mchuzi wa nyanya juu ya mtindi. Retina iliyokufa ilikuwa imechanika, imebanduka na kuning'inia kama karatasi iliyolowa.

Kisha tukatazama jicho la kulia, ambalo yeye alituapia kwamba ni zima. Mbali kidogo na kitovu cha kuonea palikuwa na doa jeupe dogo, kingo zake zikiwa na vinukta vinukta. Ugonjwa ulikuwa umekwisha kuingia na huko.

Kirusi kinachofanya kazi hiyo huitwa saitomegalovirusi, nasi kazini twasema CMV kwa kufupisha. Maana ya jina hilo refu ni kirusi cha chembe kubwa, kwani chembe ya mwili iliyoingiliwa nacho huvimba, na ndani yake huonekana doa la giza lenye duara jeupe kulizunguka. Ukiitazama katika hadubini utadhani bundi anakukodolea macho, na vitabu vya utabibu huiita vivyo hivyo, jicho la bundi. Kwetu bundi ni ndege wa mkosi. Waandishi wa vitabu hivyo hawakuwa na habari hiyo, lakini hawakukosea sana.

Msidhani kwamba rafiki yangu alikipata kirusi hicho mahali pa ajabu. Katika nchi zetu karibu kila mtu mzima anacho, na wengi wetu tulikipata tungali watoto, katika maziwa ya mama au katika mate ya watoto wenzetu. Mimi yamkini ninacho, nawe msomaji yamkini unacho. Kikiisha kuingia hakitoki tena. Hulala katika chembe za damu, na kinga ya mwili hukaa juu yake kama askari jela, usiku na mchana, miaka yote. Katika kinga hiyo kuna chembe nyeupe za damu ziitwazo CD4, ambazo kazi yake ni kuwaamrisha askari wengine. Mtu mzima mwenye afya huwa nazo kama 500 mpaka 1,500 katika kila tone dogo la damu la milimita moja ya ujazo. VVU huziua hizo hizo. Zikishuka chini ya 200 mtu yumo katika hatari ya magonjwa mengi, na ugonjwa huu wa retina huwapata hasa wale ambao zimeshuka chini ya 50. Rafiki yangu alipopimwa alikuwa nazo 19.

Sasa nitaeleza kwa nini jicho lile lilinidanganya, maana hapa ndipo penye somo lenyewe. Twajua sote kwamba jicho lililopigwa au kuingiwa na uchafu huwa jekundu, huvimba, hutoa machozi na kuuma. Wekundu na uvimbe huo huletwa na kinga ya mwili yenyewe: ni askari wanaokimbilia mahali penye vita, na damu huongezeka ili wapate kupita. Kwa mtu mwenye CD4 19 hakuna askari wa kukimbia. Kirusi huila retina kutoka chembe moja hadi nyingine, kama moto wa nyika unaotambaa pasipo mtu wa kuuzima, na jicho kwa nje hubaki jeupe kama la mtoto. Tena retina haina mishipa ya fahamu ya maumivu. Mimi nilifundishwa kulichelea jicho jekundu, nikaliamini jeupe. Kwa mgonjwa ambaye kinga yake imekwisha, weupe huo haumhakikishii tabibu neno lolote. Wale nzi wadogo ndio waliokuwa wakisema kweli, kwani walikuwa vivuli vya takataka za retina zikielea katika ute wa ndani ya jicho.

Dunia ilianza kusikia habari za UKIMWI tarehe 5 Juni 1981, taarifa ya serikali ya Marekani ilipoeleza juu ya vijana wanaume 5 wa Los Angeles waliougua homa ya mapafu isiyo ya kawaida. Wengi huikumbuka ile homa ya mapafu. Wachache hukumbuka kwamba wote 5 walikutwa na CMV pia. Katika miaka iliyofuata, kabla ya dawa nzuri za VVU kupatikana, karibu wagonjwa 3 katika kila 10 wa UKIMWI huko Marekani walipata ugonjwa huu wa retina. Kwetu Uganda madaktari waliandika mwaka 1985 juu ya ugonjwa uliowakondesha watu wa Rakai, ambao wenyeji waliuita silimu, lakini habari za retina hazikusikika sana. Mwaka 2013 wataalamu walijumlisha uchunguzi uliofanywa katika nchi nyingi zisizo tajiri: katika Asia karibu watu 14 katika kila 100 wenye VVU waliotazamwa macho walikuwa na ugonjwa huu, na katika Afrika karibu 2. Husemwa kwamba kifua kikuu na magonjwa mengine yaliwachukua watu wetu mapema, kabla CD4 hazijashuka kufika huko chini. Nakubali. Lakini ninapoikumbuka kadi ile niliyoiandika mwaka 2005 hujiuliza ni wangapi waliohesabiwa wazima na tabibu aliyekuwa na haraka.

Dawa ya kwanza, gansiklovia, ilikubaliwa Marekani mwaka 1989. Haikiui kirusi kilicholala. Hukizuia kisizaane, na hapo mwanzo wagonjwa walitiwa mshipani kila siku, maisha yao yote yaliyobaki. Mwaka 1991 ikaja foskaneti, na mwaka 1996 kikapatikana kidonge kidogo cha kushonewa ndani ya jicho, kikitoa dawa polepole kwa miezi kadhaa. Mwaka 1998 ikatolewa fomiviseni, dawa ya kwanza ya namna yake duniani, iliyotengenezwa ili kuyapinga maandishi ya urithi ya kirusi chenyewe. Miaka michache baadaye waliokuwa wakiiuza waliacha kuiuza, na sababu yake yafurahisha: wagonjwa walikuwa wamepungua mno. Tangu mwaka 1996 watu wa nchi tajiri walikuwa wamekwisha anza kutumia dawa za VVU tatu kwa pamoja, kinga zao zikarudi, na ugonjwa wa retina ukapungua kwa zaidi ya robo tatu. Dawa iliyoyaponya macho kuliko zote haikuwa ya macho.

Dawa hizo za VVU zilianza kutolewa bure katika hospitali za serikali ya Uganda mwaka 2004, na rafiki yangu alianzishiwa baada ya majuma mawili. Lakini kinga huchukua miezi kurudi, na lile doa la jicho la kulia lisingengoja. Ndugu zake walichanga fedha, wakaagiza gansiklovia kutoka Nairobi. Chupa moja ina miligramu 500, na jicho lahitaji kama miligramu 2 kwa kila sindano, kwa hiyo ikigawanywa kwa usafi na uangalifu hutosha kwa muda mrefu. Kila juma daktari alilitia ganzi jicho, akaingiza sindano nyembamba katika sehemu nyeupe, milimita 4 hivi kutoka ukingo wa kioo cha jicho. Mimi nilikishika kichwa cha rafiki yangu. Mara ya kwanza alinong'ona, "Hata viboko vya bwenini havikunitisha hivi."

Siku hiyo hiyo, tulipokuwa tumeketi nje akingoja ganzi imtoke, nilimwambia. Nilisema kwamba siku ile ya nzi ilinipasa kutazama ndani, nami sikutazama, na kwamba kama ningetazama yamkini jicho la kushoto lingepona. Alinyamaza kitambo, akichora chini kwa kidole cha mguu. Kisha akasema, "Basi hili la pili litazame vizuri." Hatujalizungumza tena jambo hilo.

Sindano ziliendelea karibu miezi tisa, mpaka CD4 zake zilipopita 100 na kukaa hapo juu miezi kadhaa. Katikati ya muda huo jicho liliingia ukungu tukaogopa, kumbe ni askari waliorudi na kuwakuta adui katika retina, wakaanza vita iliyochelewa. Jambo hilo hutokea kwa baadhi ya watu kinga inaporejea, nalo hutibiwa kwa dawa za kutuliza uvimbe. Ukungu ukaondoka. Pale palipokuwa na doa pamebaki kovu, na kovu halioni, lakini kitovu cha kuonea ni kizima na anasoma gazeti.

Siku hizi kuna vidonge vya kumeza, valgansiklovia, vilivyotoka mwaka 2001. Mwanzoni bei yake ilikuwa ya kuwacheka maskini. Mwaka 2013 yalifanyika mapatano ya kuipunguza hadi asilimia 90 kwa nchi zisizo tajiri, na mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani likaviingiza katika orodha yake ya dawa za lazima. Vina lawama yake pia, kwani hupunguza chembe za damu, na anayevitumia lazima apimwe damu mara kwa mara. Tena wasiopata ugonjwa huu kwa sababu ya VVU wapo: waliopandikizwa figo na kupewa dawa za kuilaza kinga wasiikatae figo ya mgeni, na baadhi ya wagonjwa wa saratani ya damu. Hao nao waambiwe habari za nzi.

Sasa nasema nanyi mnaolala bwenini. Wagonjwa wa namna hii niwaonao si wengi, nao kwa sehemu kubwa ni watu waliokuwa wakitumia dawa za VVU wakaacha. Miaka michache iliyopita aliletwa kwangu kijana wa kidato cha 3 kutoka shule moja, aliyezaliwa na VVU na kumeza dawa zake vizuri nyumbani tangu utoto. Bwenini wenzake waliusikia mkebe wake wa vidonge ukilia ndani ya sanduku. Wakauliza, wakacheka, na mmoja akautikisa mbele ya wengine kama kayamba. Tangu usiku huo alivitupa vidonge chooni kimoja kimoja, kila siku kwa saa yake, ili mkebe uwe unapungua na matroni asishuku. Alikuja kwa sababu ya kivuli pembeni mwa jicho. Safari hii nilitia dawa ya kutanua mboni kabla hata hajamaliza kueleza. Doa lilikuwa mbali na kitovu, tukalizuia, naye akarudia dawa zake. Sasa huweka pamba ndani ya mkebe usilie. Waliocheka huenda wamesahau. Hawakujua kwamba walikuwa wakichezea macho ya mwenzao, na ndiyo sababu nimewaambia ninyi.

Mtu ambaye kinga yake ni dhaifu, au aliyekatiza dawa zake, afumbe jicho moja moja kila juma na kuutazama ukuta mweupe. Akiona nzi, au mwanga kama radi, au kivuli, au mistari iliyonyoka ikipinda, aende kwa tabibu siku hiyo hiyo. Na mwenye CD4 chini ya 100 atazamwe ndani ya macho hata kama haoni kasoro yoyote. Mkanda wa jeshi nao ukitokea kwenye paji la uso na kushuka mpaka ncha ya pua, macho yatazamwe upesi, kwa kuwa kirusi chake nacho huweza kuingia. Mgonjwa asione haya kumwambia tabibu, "Naomba nitiwe dawa ya kutanua mboni." Atakaa kitako nusu saa, na mpaka jioni mwanga utamchoma na maandishi ya karibu yatamchezea, kwa hiyo asiendeshe baiskeli wala pikipiki kurudi nyumbani.

Rafiki yangu bado anafundisha. Huja kwangu kila mwaka mwezi wa Januari, kabla shule hazijafunguliwa, nami humtazama macho yote mawili, hata lile lililokufa. Safari iliyopita aliniambia kwamba wavivu wa kila darasa jipya hawachukui muda mrefu kuligundua jicho lake, na kabla ya juma la pili wote wamekwisha hamia upande wa kushoto wa chumba. Yeye huwaacha wakae. Hesabu za kufanyiwa ubaoni huwaanzia wao.